Teyatri Ndani ya Kioo Changu

Swahibu yangu Shabani,

Sitakuuliza hali. Na mimi nikisema sijambo utajua naongopa, maana hukuwahi kuniamini hata nilipokuwa nasema kweli. Nakuandikia nikiwa nimekaa hapa dukani, mlango wazi, leo Ijumaa, baada ya swala. Ni ile saa yako. Wateja hawaji saa hii. Wamezoea kwamba Ijumaa mchana mzee Hamisi kinyozi ana mgeni wake, na sijui nani atawaambia kwamba mgeni haji tena. Au wanajua, wanaona haya kuingia.

Nina habari za kukupa, na mojawapo itakuudhi. Nimemwambia Mariyamu. Lile jambo tulilokubaliana lisitoke ndani ya duka hili, nimelitoa, tena kwa binti yako mwenyewe. Ngoja, usinune kwanza. Nitakueleza lilivyokwenda, kisha kama bado unataka kuninunia, muda unao.

Kwanza ujue kwamba Teyatri yetu, hapo ng'ambo ya barabara, haipo. Walikuja asubuhi, siku ya kazi, na mashine ya njano yenye mkono mmoja. Nilikuwa namnyoa mtu kidevu. Nilidhani litaanguka kwa kishindo, jengo lililobeba sinema na ndondi na harusi na maigizo ya watoto wa shule, na ile miaka ambayo hakuna aliyetaka kucheza chochote ndani yake. Wapi. Lilimeguka polepole, kama andazi lililochovywa kwenye chai. Ukuta wa mbele ulisimama peke yake mpaka adhuhuri, mbingu inaonekana katika madirisha, kisha nao ukalala. Vumbi likavuka barabara likaingia humu, likakaa juu ya kioo, juu ya mashine za kunyolea, juu ya kiti chako. Nilifuta kila kitu, na kiti chako nikakifuta mwisho. Sasa pale kuna uzio wa mabati, na kwenye mabati wamebandika picha ya ghorofa la vioo.

Siku ile nilishika simu nikupigie. Jina lako bado limo, sijalifuta. Kidole kilishafika. Nilisimama hivyo hivyo na simu mkononi, yule mteja ana povu nusu ya uso, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana. Ningemwambia nani, Shabani? Wanangu wako Kampala na Dubai, wananipigia kuniuliza kama nimekula. Wao Teyatri wanaikumbuka kama jengo bovu lililokuwa linavuja. Nilikuwa nataka mtu mmoja tu ambaye angesema, "Yewe, imeenda?" kisha anyamaze na mimi.

Naikumbuka sana siku uliyoingia na kile kijisanduku cha rangi za mjukuu wako, umekibana kwapani kama mtu aliyeiba kuku. Wewe uliyeandika nusu ya vibao vya mtaa wetu huu wa Gitega kwa rangi nzito ya mafuta, bucha, duka la dawa, hata kibao changu hiki. Kiharusi kilipokuvuta mguu, Mariyamu akakuhamishia kwake Kicukiro, upande wa pili wa Kigali, akakukataza kupanda ngazi, akakukataza harufu ya mafuta, na zaidi ya yote akakukataza kupanda pikipiki. Alifanya vyema, mtoto anayempenda baba yake angefanya nini kingine? Lakini mkono wako wa kulia ulikuwa mzima, na mkono mzima hauwezi kukaa Kicukiro ukibadilisha chaneli za televisheni. Kwa hiyo ukaja kwa pikipiki ile ile uliyokatazwa, kofia ngumu imekubana kichwa, na karatasi ndani ya bahasha ya kaki. Ukasema utaichora Teyatri kabla hawajaivunja.

Mara ya kwanza ulikaa nje, kwenye kigoda, ukiitazama uso kwa uso kama mtu mwenye akili. Hukumaliza hata paa. Unawajua watu wetu. Huyu anasema paa umelishusha, yule anauliza kwa nini gari lake halimo, mwingine anataka kujua umetumwa na nani na kama kuna fidia. Wakakusimamia mgongoni mpaka maji ya brashi yakamwagika. Ukainuka, ukaingia humu, ukajitupa kwenye kiti cha pili, kile ambacho tangu yule kijana wangu aende Dubai hakina kinyozi. Ukanipa mgongo, ukaipa barabara mgongo, ukatazama kioo. Na humo ndani ya kioo, katikati ya mlango, Teyatri nzima ilikuwa imesimama, na hakuna mtu wa kutoa maoni.

Ndivyo ilivyoanza. Ijumaa baada ya Ijumaa, mimi nikinyoa kwenye kiti cha kulia, wewe ukichora kwenye cha kushoto, ubao wa karatasi juu ya magoti, maji ndani ya kikombe changu cha kunyolea. Nilikuuliza rangi nyeupe iko wapi, nikitafuta ndani ya kisanduku, kwa sababu madirisha ya Teyatri yalikuwa na fremu nyeupe. Ukaniangalia kama mtoto mjinga. "Nyeupe haipakwi, sha. Iko inaachwa." Ukanieleza kwamba katika rangi ya maji weupe wote ni karatasi yenyewe, unaizunguka tu bila kuigusa, na ukishaigusa imekwenda. Wewe uliyezoea kuandika herufi, ukikosea unapaka juu yake na hakuna anayejua, sasa umejitia kwenye rangi isiyosamehe.

Masika yalipokuja rangi ikakataa kukauka. Ndipo ukanifanya msaidizi wako kwa nguvu. "Hamisi, leta upepo." Nami naacha mtu na nusu ya nywele zake, nachukua kikausha nywele, nakaushia anga ya Teyatri. Nywele za wateja zikawa zinaruka na upepo zinanasa kwenye rangi mbichi. Mimi nilihuzunika, wewe ukacheka. Ukasema wenye Teyatri ni wao, wacha wakae.

Na ile Ijumaa ya ngazi. Naikumbuka kila wakati nikitaka kucheka, na siku hizi nahitaji sana kucheka. Ulikuwa umeshapaka ukuta ule wa rangi ya udongo, na zile ngazi za chuma za nje, zilizokuwa zinapanda kwenye chumba cha mashine ya sinema. Nikaja nyuma yako na kikausha nywele, nikatazama karatasi, nikatazama nje. Ukisimama mlangoni kwangu ngazi zilikuwa mkono wa kulia, upande wa msikiti. Kwenye karatasi yako zilikuwa mkono wa kushoto, upande wa bucha. Nikakuambia, "Shabani, ngazi umezipeleka kwa muuza nyama." Ukatazama picha, ukatazama kioo, ukajigeuza na ule mguu wako mzito ukatazama barabara. Mwandika vibao ambaye maisha yake yote hakuwahi kugeuza hata herufi moja. Ulicheka mpaka nikakunyang'anya brashi nikiogopa utatia doa. Nikakuuliza sasa utafanyaje, na haifutiki. Ukajifuta machozi ukasema, "Wacha. Mimi nimechora penye niko nimekaa."

Kulikuwa na jambo jingine katika karatasi ile. Pembeni, mkono wa kulia, uliacha ukanda mweupe kutoka juu mpaka chini, hukuugusa hata kidogo. Nilidhani bado hujafika hapo. Picha ikaelekea kuisha na ukanda uko vile vile. Nikakuuliza hiyo ni nguzo gani, maana Teyatri haikuwa na nguzo upande ule. Hukugeuka. Ukasema, "Ni wewe. Uko unanizibia."

Lilikuwa koti langu la kazi. Nilikuwa nasimama hapo siku zote, mkono wa kulia wa mteja, na koti lilikuwa linakata kipande cha jengo, na wewe hukuniambia nisogee. Nilikutania kwamba umeshindwa kunichora sura. Lakini nilirudi kumalizia kumnyoa yule mtu, nikampaka povu mara mbili bila kujua, sasa nakwambia.

Ulipomaliza uliipeleka picha nyumbani, ukamwambia Mariyamu umeichora kwa kumbukumbu, chumbani kwako. Na mimi ukaniapisha. Binti asijue kwamba unapanda pikipiki kuja Gitega, atakasirika, atalia, ataona humheshimu. Nikaapa, mtu mzima na mvi zangu, kama mtoto aliyeiba sukari.

Baada ya hapo ukaja mara chache tu, kisha hukuja. Ulinipigia ukasema mguu unauma. Ijumaa iliyofuata, mguu. Nyingine, mguu. Nikakutania kwamba huo mguu sasa umeoa Kicukiro. Hukucheka. Nisikufiche, nilikasirika. Nilisema moyoni, amemaliza picha yake, kazi yangu imekwisha, nilikuwa kioo tu. Nikaacha kuandaa kikombe. Kisha asubuhi moja simu ya Mariyamu, na sauti yake kabla hajasema neno.

Siku ya hitma yako nyumba ilijaa. Walifunika picha zote kwa kanga kabla ya kisomo, kama tunavyofanya, na Teyatri yako nayo ikafunikwa pale ukutani. Tulipomaliza kula, Mariyamu akaivua kanga mwenyewe, ili watu wa Gitega waone kazi ya mwisho ya baba yake. Watu wakasogea. Na mbele yao Mama Zaituni, yule aliyeuza karanga chini ya zile ngazi tangu ana meno yote. Akakodoa macho, akainamisha kichwa. "Ngazi iko upande mubaya. Yewe, Shabani wetu kichwa ilikuwa imeenda?" Hakusema kwa ubaya, unamjua. Alisema kwa huruma, na huruma ndiyo iliyofanya kila mtu aamini.

Nilimngoja Mariyamu akatae. Akakunja ile kanga polepole. "Ni kweli, Mama. Mwisho Papa alikuwa anapotea. Alikuwa anatoka, hajui penye anaenda."

Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi, nikaiweka chini. Kumbe ndivyo walivyohesabu. Majirani walikuwa wamekuona unatoka getini, msichana wa kazi amekuona unarudi jioni, ukiulizwa unasema ulikuwa unatembea tu. Wakaongeza kiharusi, wakaongeza ngazi zilizohama, wakapata mzee aliyepotewa na akili. Ningesema neno moja. Lakini ulinifunga mdomo, na mtu aliyeondoka na kiapo chako huwezi kumfuata ukaomba akufungulie. Nikanawa mikono, nikaaga, nikaenda.

Basi jina lako likaanza kugeuka. Hata Jumamosi ya umuganda, mtaa mzima uko kazini, tunasafisha mtaro hapa chini, nikasikia mtu anamweleza mwenzake habari za mzee Shabani aliyechanganyikiwa mpaka akasahau jengo alilozaliwa mbele yake. Nilichimba siku ile kana kwamba nina ugomvi na udongo. Kila jioni nilikuwa nafunga duka nasema kesho nitampigia binti yake, na kila asubuhi nakumbuka kiapo. Sikujua kipi ni kikubwa, neno nililokupa au akili yako uliyoishi nayo miaka yote hiyo. Nilitaka kukuuliza wewe. Hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwamba kila swali langu gumu nilizoea kukuletea wewe, na hili lilikuwa lako mwenyewe.

Aliyenitoa kwenye kifungo ni fundi wa fremu. Mariyamu aliipeleka picha Kimironko ikatiwe fremu ya kioo. Akanipigia, kwa adabu yake ile, maana tangu mdogo ananiita baba mdogo na hafanyi jambo lako bila kunijulisha. "Baba mdogo, fundi anasema upande moja Papa hakumaliza, pamebaki peupe. Atakata kidogo ikae sawa. Si ni sawa?"

Nilikaa chini. Nikamwambia, "Usikate. Mpigie sasa hivi asikate. Halafu njoo dukani."

Alikuja Ijumaa, ameomba ruhusa kazini, bado amevaa kile kitambulisho cha ofisi shingoni. Nikamwonyesha kiti chako. Tangu uondoke hakuna aliyekikalia. Akakaa, na nilipomwona amekaa hivyo, mabega yale yale, nikakifuta kioo kwanza. Kisha nikaanza na nikasema yote. Ijumaa, pikipiki, bahasha ya kaki, kikombe, kikausha nywele. Nikamwambia atazame kioo, aone mlango, aone barabara na mabati. Nikamwambia, "Baba yako alikuwa amekaa hapo ulipo, na Teyatri aliiona humo." Hakunielewa mara moja. Akainua mkono wake wa kulia, akautazama kwenye kioo, akaushusha. Kisha akageuka kwenye kiti, akatazama nje, kama ulivyogeuka wewe, na mkono umeshika kiti vile vile.

Aliendelea kutazama mabati. Nikadhani nimemuudhi. Kisha akasema, taratibu, "Nilifunga geti. Baba mdogo, mimi nilikuwa nafunga geti na kufuli, naenda kazini na funguo."

Ndipo na mimi nikajua. Zile Ijumaa za mwisho, za mguu. Haukuwa mguu. Uliniongopea kwa sababu uliona aibu kuniambia kwamba umefungiwa na mtoto wako, na yeye alikufungia kwa sababu aliogopa utapotea Kigali hii na ule mguu, na hakujua unakokwenda kwa sababu mimi na wewe tulikuwa tumeapa. Tulikaa tukalia, yeye kwenye kiti chako, mimi kwenye kile kingine, tunatazamana kwenye kioo. Ungesema tu, Shabani. Kwake au kwangu. Ningekuja mimi Kicukiro na kioo cha mkononi. Ningekunyoa sebuleni kwake huku tukitukanana. Ulikuwa na kiburi cha jogoo, na mimi nikakaa huku nakununia, na geti limefungwa.

Alipotulia nikamweleza habari ya ukanda mweupe, kwamba haukuwa kazi iliyobaki, ulikuwa koti. Akasimama pale pale. Alikuwa amempigia fundi na hakupokea, akamwachia ujumbe. Tukapanda basi mpaka Kimironko. Fundi ana kibanda nyuma ya soko, mkabala na mafundi cherehani, mtu mpole mwenye miwani. Picha ilikuwa tayari, ndani ya fremu nyeusi, inang'aa. Ngazi zipo, fremu za madirisha zipo, nywele za watu zipo kwenye anga. Na mkono wa kulia Teyatri inafika ukingoni, basi. Alikuwa amekata kabla ya kuona ujumbe. Mariyamu akamuuliza kile kipande kiko wapi. Alikitumia kujaribia gundi, kikaenda na takataka. Akatutazama, hakuelewa kwa nini tumehuzunika vile. "Hapakuwa na kitu pale, muzee. Ilikuwa karatasi tupu tu."

Sikumkasirikia. Angejuaje? Nilimshukuru kwa kazi nzuri, nikatoka nje, nikasimama kati ya vitenge vilivyotundikwa nikalia, mzee mzima, wanawake wananipisha. "Mwihangane," mmoja akanipa pole, kama anayepita msibani. Katika maisha yangu nimetazama vichwa vya watu maelfu. Mimi mwenyewe hakuna aliyewahi kunitazama muda mrefu kama ulivyonitazama wewe ukiuzunguka ukanda ule bila kuugusa. Marehemu mke wangu alinipenda, lakini alikuwa na kazi nyingi. Na hicho kitu ndicho kilichofagiliwa.

Kwenye basi tukirudi Mariyamu aliipakata picha. Tulipofika kituo chake hakushuka. Akaja nayo mpaka hapa. Akasema, "Ikae penye ilichorewa." Nikakataa, nikamwambia, "Ni ya kwako na ya mwanao." Akasema ataileta familia kunyolewa, wataiona. Tukaitundika ukuta wa mlango, pembeni mwa mlango wenyewe, mahali jua haligongi, maana ulinionya kwamba rangi za watoto zinakimbia jua. Yeye alipiga msumari, mimi nilishika kigoda nikimkumbusha kwamba anatoka kwenye ukoo uliokatazwa kupanda. Alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Siku mbili hivi nikaizoea nikiwa nimeipa mgongo, ya tatu nikaiona ndani ya kioo. Kisha Mama Zaituni akapita na beseni lake, siku hizi anauza karanga mbele ya uzio. Nikamwita. Nikamwambia akae kwenye kiti cha wateja, asigeuke, atazame kioo tu. Akaanza kulalamika kwamba yeye hana ndevu. Kisha akashusha beseni sakafuni. Ndani ya kioo, pembeni mwa mlango, Teyatri ilikuwa imesimama, na ngazi zake ziko kulia, upande wa msikiti, pale pale alipokuwa anatandika gunia lake. Ulichora ndani ya kioo, kioo kikairudisha. Mama Zaituni akanyoosha kidole kwenye kioo. "Ngazi iko penye inapaswa kuwa." Nikasubiri. "Basi Shabani hakuwa amepotea."

"Alikuwa hapa," nikamwambia.

Alinimiminia karanga mfuko mzima wa karatasi. Na kwa kuwa ni Mama Zaituni, jua lilipozama Gitega yote ilikuwa inajua ulikokuwa unakwenda Ijumaa. Watu wanaingia kunyolewa hata ambao hawana nywele. Wanakaa, wanatazama, wanajitafuta humo: hapa ndipo nilipoona sinema yangu ya kwanza, pale ndipo nilipopigwa na baba yangu kwa kutoroka shule. Hakuna tena anayesema kichwa chako kilikwenda. Hilo limekwisha, nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine.

Lakini jioni wakishaondoka ninabaki na kioo. Na ndani ya kioo picha imegeuka, kwa hiyo upande uliokatwa uko kushoto. Unaonekana. Jengo linafika hapo linakatika, kama mtu aliyeitwa katikati ya maneno. Nilikuwa nasimama mkono wa kulia wa mteja, kama nilivyosimama maisha yangu yote, natazama lile pengo, na hakuna la kufanya. Juzi nikavuka kuchukua pauda kwenye rafu ya upande wako. Nikainua macho. Koti langu lilikuwa limesimama pale pale, kwenye ukingo wa Teyatri, jeupe kutoka juu mpaka chini.

Tangu siku hiyo nanyolea upande ule, kati ya kiti cha mteja na kiti chako. Mkono bado haujazoea. Nimeshamkata mtu sikio kidogo, kakubali ni ajali. Wakiniuliza kwa nini nimehama nawaambia mgongo unauma. Nilijifunza kwako kusingizia viungo vya mwili.

Basi, swahibu, nimekuvunjia ahadi moja, na si vizuri nikuache mikono mitupu. Nakupa nyingine mahali pake, na hii haihitaji mtu wa kuniapisha. Maadamu nina nguvu za kushika wembe, nitasimama hapo. Kiti chako sikiuzi na simkodishi kinyozi mwingine, na kikombe nimekirudisha mahali pake. Mola akulaze pema, akupanulie, akupe mahali penye mwanga mzuri na watu wasiotoa maoni.

Na ukitazama huku siku ya Ijumaa ukaona kitu cheupe kimekukatia upande mmoja wa Teyatri, usinung'unike. Ni mimi. Niko nakuzibia.

Hamisi, kinyozi wako